Mtumbwi Ulioitwa Ladisi

Siku niliyoingia atelie, yaani karakana, ya misioni pale Masisi kuanza kazi, Ladisilasi alikuwa tayari amefika. Nilitoka nyumbani kabla ukungu haujainuka ili niwe wa kwanza, lakini nilimkuta ameshika randa, miguu imezama katika maranda, anapiga mluzi. Alinitazama akacheka.

"Tadeo! Weye unalala sana, kaka."

Tulikuwa tumetoka seminari ndogo pamoja, baada ya Mapadri kuona kwamba hakuna kati yetu aliyeitwa kuwa padri. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha hivi karibuni, na misioni ilitaka vijana wanaoweza kusoma vipimo kwa Kifaransa. Ninaanza na asubuhi ile kwa sababu karibu kila jambo nitakalowaeleza ninyi vijana juu ya kazi ya mitumbwi lilikwenda vivyo hivyo: mimi nafika, na yeye amekwisha kufika.

Mkuu wetu wa kwanza alikuwa Fureri, yaani bruda, wa atelie, mzee mwenye ndevu zilizojaa vumbi la mbao. Alitufundisha milango, madirisha, makabati, mabenchi ya kanisa na majeneza. Alitufundisha kunoa patasi mpaka inyoe nywele za mkono. Alitufundisha pia gabari, yaani kielelezo cha ubao mwembamba kinachokatwa kwa umbo la kitu unachotaka kutengeneza, ili vipande vyote vifuate umbo moja. Zaidi ya yote alitufundisha kuunganisha mbao. Mlango ukiisha, aliuinua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, akatafuta mwanga kati ya ubao na ubao.

"Mwanga inapita," alikuwa akisema. "Hii haiko mulango. Hii iko muchujio." Kisha aliuweka chini akauvunja kwa goti, na wewe ukaanza upya.

Milango yangu haikupitisha mwanga. Hilo ndilo jambo pekee nililomshinda Ladisilasi, na nililishika kwa mikono miwili. Yeye mlango wake mmoja ulifungwa vizuri na wa pili ukakwama, naye alicheka tu. Lakini Fureri akihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa boriti, au wa kwenda naye kuchagua miti, aliita "Ladisilasi!" Alimwita kwa sauti ya mtu anayeita jirani. Mimi aliniita "Weye, ya randa." Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sikumbuki kama aliwahi kulitaja jina langu kabla ya lile la Ladisilasi.

Mkuu wetu wa pili alikuwa Agent wa barabara, yaani afisa wa Kizungu wa serikali, ambaye watu wote walimwita Bwana Barabara. Misioni ilitukodisha kwake, kisha akatuchukua moja kwa moja. Kazi ilikuwa madaraja: kukata nguzo za kalitusi, kuzichoma ncha zisiliwe na mchwa, kupanga mbao nzito za kupitisha malori. Mvua ikinyesha sana huko juu Masisi, mito yote hukimbilia Walikale, kwenye msitu, na daraja ulilolijenga leo unaweza kulikuta limelala ukingoni kesho kama mtu aliyelewa. Bwana Barabara alichoka. Watu wa mtoni walikuwa na mitumbwi yao, bila shaka, ile ya kuchimbwa katika gogo moja. Ilikuwa imara na ilidumu. Lakini ilikuwa mizito, na ukifika penye maporomoko lazima uiache pale na utafute mwingine upande wa chini.

Asubuhi moja alituita sisi wawili mbele ya rundo la mbao.

"Mimi nataka mutumbwi ya mbao," alisema. "Mwepesi. Batu mbili banabeba ku bega, banapita maporomoko, banaiweka tena ku mayi. Mimi nimeona picha yake kwetu. Munaweza?"

"Tunaweza, Bwana," nilisema haraka.

"Batu mbili bembamba ao batu mbili banene?" Ladisilasi aliuliza.

Bwana Barabara alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejibu vizuri, na aliyechekesha ndiye aliyetazamwa.

"Bembamba sawa weye," Bwana alisema. "Hapa ku atelie nafasi haiko, nguzo zimejaa. Kila mutu atengeneze yake kule kwake ku nyumba. Mutumbwi yenye itakuwa muzuri, mwenyewe njo kapita wa atelie ya mitumbwi kule Walikale."

Kapita ni msimamizi. Yeye ndiye aliyegawa kazi, aliyekagua, aliyesimama karibu na Bwana wakati wengine wamesimama mbali. Sitawadanganya kwamba nilitaka cheo kile kwa ajili ya nyumba ya mabati au kwa ajili ya watoto wangu. Nilikitaka ili Ladisilasi aniite Kapita, na anisikilize nikimwambia la kufanya. Sikutaka kingine.

Wote wawili tulikaa Bihambwe, huko huko Masisi, kila mtu upande wake wa bonde. Kilima chake kilitazamana na changu. Kutoka nyuma ya jiko langu niliona uwanja wake wote, ng'ombe wa baba yake wakiingia zizini, mama yake akianika vyombo vya maziwa, na yeye mwenyewe akizunguka mbao zake. Nilipanga benchi langu nyuma ya jiko hasa ili nimwone. Nilijiambia ni kwa sababu ya kivuli.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Mbao tulichagua za msipre uliopandwa na misioni, kwa sababu ni mwepesi, una nyuzi zilizonyooka, na harufu yake haiwapendezi wadudu. Nilizipasua kwa msumeno wa watu wawili, nikazipiga randa mpaka unene wa kidole changu kidogo. Kisha nikazipandisha kwenye dari ya jikoni, juu ya moto, pale mama wa nyumba anapoweka mahindi ya mbegu. Zilikaa msimu mzima zikivutwa maji na moshi. Zilipotoka zilikuwa kavu na nyepesi, na ukizigonga zililia.

Mtumbwi wa mbao hujengwa ukiwa umegeuzwa, tumbo juu. Unasimamisha gabari zako kwenye benchi, kubwa katikati na ndogo kuelekea ncha mbili. Juu yake unalaza ubao wa mgongo, ambao ndio unaoshika yote. Halafu mbavu. Mbavu ni vijiti bapa vinavyozunguka tumbo la mtumbwi kwa ndani, na haviwezi kupinda vikiwa vikavu, vitavunjika. Lazima vipikwe kwa mvuke. Nilichukua sufuria kubwa ya nyumbani, nikaweka maji, nikasimamisha juu yake bomba la mwanzi mnene, nikapitisha vijiti ndani na kuziba kwa majani ya ndizi.

Mke wangu Petronila, mama wa binti yetu Rejina, alitoka jikoni akasimama mikono kiunoni.

"Papa Rejina, ile ni sufuria ya maharagi."

"Najua, mama."

"Unapika nini ndani?"

"Mbavu."

"Mbavu ya nini?"

"Ya mutumbwi."

Alitazama mwanzi unaotoa moshi, akatazama mbingu. "Basi leo tutakula mbavu," alisema, akarudi ndani.

Ukitoa kijiti kwenye mvuke kinalegea kama ukoka. Una muda wa kuvuta pumzi mara chache tu kukipindisha na kukifunga. Baada ya mbavu unaweka mbao za kando, moja baada ya moja, kutoka mgongoni kwenda mdomoni, na kuzipigilia kwa misumari ya shaba ambayo ncha yake unaikunja kwa ndani. Chuma kingepata kutu. Hapa ndipo Fureri alipokuwa amesimama nyuma yangu, ingawa alikuwa mbali kule misioni. Kila ubao niliuchonga ukingo mpaka ukakaa juu ya mwenzake bila nafasi. Nilichutama ndani ya mtumbwi na kutazama jua. Hapakupita mwanga hata wa ncha ya sindano.

Petronila alikuwa akivuka bonde kwenda kuchukua maziwa kwa mama yake Ladisilasi. Alirudi kila mara na tabasamu lililoanzia huko, na mimi nilimngojea kwa maswali.

"Yake inaendelea?"

"Inaendelea. Alinichekesha leo. Ati mutumbwi ikiisha, ng'ombe njo batapanda wa kwanza."

"Mimi siulizi kama amekuchekesha. Naulizia mbao."

"Mbao yake ina nafasi katikati. Nimeingiza ukucha, imeingia."

Niliweka chini randa. Nilihisi furaha ikinipanda kichwani kama pombe. "Ameacha nafasi? Kati ya zote?"

"Kati ya zote. Nimemuliza. Anasema mbao inakunywa, sawa chansi ya mama yake." Chansi ni kile chombo cha mti cha kukamulia maziwa, ambacho wafugaji wa kwetu hawakiachi kikauke muda mrefu, maana kikikauka hupasuka, na kikipata tena maziwa hujifunga. "Papa Rejina, na yako itakunywa wapi?"

"Yangu iko mutumbwi," nilisema. "Haiko kibuyu ya maziwa."

Hilo ndilo kosa langu la kazi, na nataka mlijue kwa jina lake. Seremala wa milango akitengeneza mtumbwi hujengea mlango. Mlango unakaa nyumbani maisha yake yote, na mtumbwi unaingia majini. Nilikuwa nimesoma kama Ladisilasi, nilikuwa na zana kama zake, na habari ya nafasi ililetwa mpaka benchini kwangu na mke wangu mwenyewe. Lakini ilitoka upande ule wa bonde, kwa hiyo sikuitaka.

Mwisho niliupaka mtumbwi wangu ulimbo wa mti wa mpafu, ule unaowashwa kama mwenge, nikiuchemsha na mawese. Niliupaka nje na ndani, mara nyingi, mpaka ukang'aa kama ngozi ya ng'ombe aliyenona. Ladisilasi aliupaka wake nje tu, safu moja.

Siku ya majaribio tulipanda lori la barabara mpaka ng'ambo ya Kashuga, kwenye ziwa. Watu wa mashamba ya jirani walikuja kutazama. Bwana Barabara aliita wanaume wawili wabebe kila mtumbwi kupanda na kushuka mteremko. Wangu ulibebwa kwa utulivu. Wake pia. Kisha tukaiweka majini.

Wangu ulikaa juu ya maji kama bata. Nilipiga kafi, nikaenda, nikarudi, na sakafu ilikuwa kavu kama meza. Ladisilasi hakufika hata mbali. Maji yaliingia kwa kila nafasi, yakafika vifundoni, naye akakaa humo akiyatoa kwa kibuyu cha maziwa, huku akiimba wimbo wa kuita ng'ombe.

"Muchujio!" mtu alipiga kelele kutoka ukingoni, na watu wakaangua kicheko.

"Acheni inywe kwanza," Ladisilasi alijibu. "Ilitoka mbali, ina kiu."

Bwana Barabara alitikisa kichwa. Alinishika bega mimi. "Weye njo kapita," alisema. Kisha akaingia ndani ya gari lake akaondoka, kwa sababu alikuwa na daraja lingine lililoanguka.

Sisi tulilala Kashuga tukingoja lori. Asubuhi nilishuka ziwani kuangalia mtumbwi wangu. Wa Ladisilasi ulikuwa ukielea kando yake, alikuwa ameuacha umejaa maji usiku kucha kisha akayamwaga. Nilitia mkono ndani. Ulikuwa mkavu. Nilijaribu kuingiza ukucha kati ya mbao, haukuingia. Nilizunguka upande wa pili nikajaribu tena.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama juu ya mteremko, anakula kiazi.

"Imekunywa, Kapita," alisema.

Alikuwa mtu wa kwanza kuniita hivyo. Neno nililolingoja miaka yote lilitoka mdomoni mwake likiwa na kiazi ndani yake, na halikunishibisha hata kidogo.

Walikale ni nchi nyingine. Sisi wa Masisi tulikuwa tumezoea baridi, ukungu unaoinuka, upepo unaokausha nguo. Kule chini nguo ikifuliwa hukaa mbichi mpaka inanuka, chumvi hugeuka maji, na mto Lowa ni mpana, wenye rangi ya chai. Mkuu wetu wa tatu alikuwa Agent wa kivuko, mtu mfupi asiyependa kelele. Atelie ilikuwa paa la majani ukingoni. Mimi nilikuwa kapita, Ladisilasi msaidizi wangu, na tulikuwa na mafundi wachache tuliowapata pale pale, pamoja na mbao zilizoletwa kwa lori kutoka juu. Mitumbwi yetu miwili ilikuwa imefungwa gatini. Wangu ulitangulia katika kila safari. Wake niliuacha kwa kubebea matofali.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Ulimbo wangu ulizuia maji yasiingie mbaoni, lakini haukuyazuia milele. Mtumbwi ulikaa mtoni mchana na usiku, na ulimbo ulianza kupata nyufa ndogo. Asubuhi moja niliona ubao mmoja umeinuka kidogo katikati, kama mtu anayeinua bega. Niliupiga nyundo ukarudi. Siku iliyofuata ziliinuka mbili. Mbao zile zilizokauka juu ya moto wa Petronila zilikuwa sasa zinakunywa, zinanenepa, na hazikuwa na mahali pa kunenepea. Kila ubao uliusukuma mwenzake.

Ladisilasi alikuja akasimama kando yangu. "Kapita, toa ubao moja. Moja tu. Zingine zitapata nafasi ya kupumua."

"Nani njo kapita hapa?"

"Weye."

"Basi rudi ku matofali."

Alirudi. Hakukasirika, na hilo nalo lilinichoma.

Mchana huo huo mganga wa dispensari, Papa Deogratias, alikuja na masanduku yake ya dawa akitaka kuvuka, maana upande wa pili kulikuwa na ugonjwa. Niliwapa wapiga kafi mtumbwi wangu. Nilisimama ukingoni nikiwatazama. Walipofika katikati nilisikia sauti ambayo bado ninaisikia, kavu na fupi, kama mtu anavunja kuni kwenye goti. Ubavu mmoja ulikatika. Kisha mwingine. Misumari ya shaba iliruka, mbao za kando zikafumuka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na wale wanaume watatu wakawa majini, wameshikilia mgongo wa mtumbwi na masanduku yanaelea.

"Leta ya Ladisi!" mpiga kafi alipiga kelele. "Ya Ladisi! Ile ya matofali!"

Ladisilasi alikuwa amekwisha kumwaga matofali. Hakungoja mtu. Alipiga kafi peke yake, akawafikia kabla mkondo haujawavuta kwenye mawe ya chini. Hakuna aliyekufa. Sanduku moja la dawa lilipotea. Papa Deogratias alipotua ukingoni, maji yanamtiririka, alinitazama kwanza mimi, kisha mtumbwi uliomleta.

"Kuanzia leo," alisema, "mimi navuka na ya Ladisi. Zingine mutapandisha mbuzi."

Watu walicheka kwa sababu walikuwa wameogopa. Lakini neno lilibaki. Wiki hiyo kila aliyefika kivukoni aliuliza, "Iko wapi ya Ladisi?" Baada ya muda waliacha lile "ya" la mwanzo wakasema tu "ladisi". "Ladisi imekwenda?" "Ngoja ladisi irudi." Mafundi wangu nao walianza kusema hivyo ndani ya atelie yangu, mbele ya uso wangu.

Kutoka siku ile tulijenga kwa nafasi. Sikumwomba Ladisilasi anionyeshe. Aliwaonyesha mafundi, na mimi nilisimama kando nikijifanya ninahesabu mbao. Nafasi ni unene wa ukucha wa gumba kama mbao ni kavu sana, nusu yake kama zimekaa kidogo huku chini kwenye unyevu. Ubao wa karibu na mgongo huhitaji zaidi, kwa sababu hauachani na maji. Ulimbo nje, ndani usipake. Yote haya niliyasikia mgongo ukiwa umegeuka.

Agent wa kivuko aliniita. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu wa kupima.

"Kapita, huyu Ladisilasi naona anajua. Mimi nataka afanye kapita wa pili, sawa weye. Unasema nini?"

Lilikuwa jibu la neno moja. Niliwaza jinsi tungesimama pamoja karibu na Bwana, na jinsi Bwana angecheka tena na mmoja wetu.

"Ni fundi muzuri, Bwana," nilisema. "Lakini anachezacheza sana. Akili yake iko ku ng'ombe ya baba yake."

Haukuwa uongo mtupu, na ndiyo maana ulifanya kazi. Cheo hakikutolewa. Mwaka haukuisha, baba yake akaugua, Ladisilasi akaomba ruhusa ya kurudi Bihambwe kuangalia mifugo. Nilimwombea ruhusa mimi mwenyewe, haraka kuliko nilivyowahi kumwombea mtu yeyote. Alinipa mkono.

"Ubaki muzuri, Kapita. Usisahau kuzinywesha."

Alijenga mtumbwi mmoja katika maisha yake, na akaongoza mafundi wengine kwa msimu mmoja. Mimi nilibaki Walikale. Nilijenga mitumbwi ya Lowa na ya vijito vyake, nilitumwa mpaka upande wa Buleusa kutengeneza ya kuvukia mihogo na mikungu ya ndizi, nilifundisha vijana ambao sasa ni wazee. Niliongeza mbao mbili za kukalia badala ya moja. Niligundua jinsi ya kupindisha mbavu bila kuzipasua kwenye kona kali ya mbele. Wakuu walibadilika, Bwana mmoja akaondoka na mwingine akaja, na bendera nayo ikabadilika. Na kila mtumbwi uliotoka mikononi mwangu, watu waliupokea majini wakasema, "Ladisi mupya!"

Nilijaribu. Nilichoma alama yangu kwa chuma cha moto kwenye ncha ya mbele, herufi T. Watu walidhani ni msalaba uliokosewa. Nilimkaripia fundi mmoja mbele ya wote: "Huu unaitwa mutumbwi ya mbao!" Alijibu kwa heshima, "Ndiyo, Papa Kapita," kisha akamgeukia mwenzake: "Shika kule nyuma, tuteremushe ladisi."

Miaka kadhaa baada ya Ladisilasi kuondoka, bado kabla ya uhuru, nilipata likizo nikapanda Bihambwe. Petronila alinisukuma mpaka nikavuka bonde kumsalimia. Ladisilasi alikuwa amenenepa. Alikuwa na watoto wengi na ng'ombe wazuri, na watu walikuja mpaka kwake kununua maziwa. Nilikuwa nimejitayarisha kumkuta amejuta kuacha kazi. Nilitafuta majuto usoni mwake kama Fureri alivyotafuta mwanga kwenye mlango.

"Kapita!" aliita kutoka zizini. "Mitumbwi yako inakunywa bado?"

"Inakunywa."

"Mimi mbao sigusi tena. Nimetengeneza mulango moja ya zizi, imekwama. Ng'ombe banapita juu." Alicheka mpaka akashika tumbo. Alimwita mkewe, akaniletea maziwa katika chansi ya mama yake, ile ile. "Na kule ku mayi, banatukumbuka?"

Hapo nilikuwa nimeshika chombo kwa mikono miwili. Ningeweza kumwambia. Lingemfurahisha kwa siku moja, angeligeuza mzaha, angewaambia watoto, na angerudi kwenye ng'ombe wake. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba mto mzima unamwita kila asubuhi naye hajui.

"Watu husahau haraka," nilisema.

"Ni kweli," alisema, bila uchungu. "Kunywa, kaka."

Nilikunywa maziwa yake, nikashuka bondeni na jina lake mfukoni mwangu. Nilipopata habari ya kifo chake nilikuwa Buleusa, nikipiga misumari.

Sasa nimestaafu. Petronila naye ametangulia. Sikurudi juu, kwa sababu huko hakuna mto wa kunihitaji. Nyumba yangu iko karibu na Lowa, na nyuma ya jiko nina benchi la gabari, kama zamani, ila mbele yake hakuna kilima cha kutazama. Ninajenga mtumbwi pole pole, mtu akiuhitaji. Vijana hunijia wakitaka kujua siri. Nawaambia siri ni ile nafasi ya ukucha, na kwamba mbao msizijengee jinsi zilivyo leo mikononi mwenu bali jinsi zitakavyokuwa baada ya kunywa. Wananiuliza nani aliyenifundisha. Kwa miaka mingi nilijibu, "Kazi yenyewe."

Wivu nao nimeukagua, kama unavyokagua ubao wa zamani. Nilidhani utakwisha yeye akiwa chini yangu, haukuisha. Nilidhani utakwisha akiondoka, kisha akifa. Haukuisha, na siwezi kuwaambia kwamba umekwisha leo. Mtu aliyekufa bado ananitangulia kufika kila ninapoweka mtumbwi majini.

Mama Jorojeti, jirani yangu anayevusha mawese na samaki wa moshi, alikuja majuzi kuchukua mtumbwi niliokuwa ninamalizia. Aliinama akatazama ndani, akafumba jicho moja, na kwa muda nilimwona Fureri.

"Papa Kapita," alisema, "mbona hii inapitisha mwanga? Niliomba weye mwenyewe unijengee ile ya kweli. Hii njo nini?"

Nilikuwa na majibu mengi ya zamani. Nilishika ncha ya mbele, yeye akashika ya nyuma, tukauteremsha mpaka pale mto ni wa kina kifupi, na maji yakaanza kuingia kwa kila nafasi.

"Njo ladisi, mama," nilimwambia. "Rafiki yangu Ladisilasi wa Bihambwe njo mwenye kuianza. Acha inywe kwanza."